Wanne Katika Mia

Mama mkwe ndiye aliyemharibia Krastyo, na alimharibia bila nia mbaya, huku akimenya vitunguu saumu.

Siku ile ya Oktoba jikoni mwao walikuwa wanne. Alikuwepo Krastyo mwenyewe, fundi wa kiwanda cha pampu kilichofungwa mwaka mmoja nyuma. Mkewe Zlatina, aliyerudi mapema kutoka karakana ya ushonaji. Mama yake Zlatina, bibi Tsonka, mwenye miaka sabini na tisa na masikio yanayosikia vizuri yale tu yasiyomhusu. Na mgeni, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya matope, aliyesema anaitwa Radostina na ametumwa na ofisi ya takwimu. Alieleza kwamba nyumba yao imechaguliwa na kompyuta. Bibi Tsonka aliposikia wamechaguliwa alivua aproni yake akavaa nyingine safi.

"Majibu yote ni siri," Radostina alisema, akiwasha kishikwambi chake.

"Siri jikoni kwa mama mkwe," Krastyo alisema. "Haya, uliza."

"Wiki iliyopita, Jumatatu mpaka Jumapili, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja? Malipo ya pesa au ya kitu."

"Sikufanya. Sina kazi tangu kiwanda kifungwe. Andika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa."

"Alitengeneza mtambo wa Velko," bibi Tsonka alisema, macho kwenye kisu chake. "Ule wa kupikia rakia, pombe yake ya matunda. Alishinda huko mchana kutwa, akarudi na chupa mbili, na moja ilikuwa nusu alipofika getini."

"Mama, huo ulikuwa ujirani."

"Chupa ni chupa, mwanangu. Mimi nasema nilichokiona. Mgeni wa watu katoka mbali."

Kidole cha Radostina kilisimama juu ya kioo. "Mlikubaliana kabla, wewe na huyo Velko?"

"Nani anakubaliana na Velko? Unatengeneza, anakupa. Asipokupa unakwenda nyumbani unajiuliza umemkosea nini."

"Basi ni malipo ya kitu." Kidole kilishuka.

Krastyo alinyoosha shingo aone kioo, asione kitu. "Umeandika mimi ni nani?"

Radostina hakupaswa kujibu, lakini hii ilikuwa nyumba yake ya tano na zile nne za kwanza hazikumkaribisha hata maji. Hapa alikuwa amepewa kahawa. "Kwa hesabu zetu," alisema polepole, "wewe ni mtu mwenye kazi. Umejiajiri."

"Nimejiajiri." Krastyo alilitafuna neno lile kama anayetafuta mfupa ndani yake. Halafu akamgeukia mkewe. "Zlatina, umesikia? Nina kampuni. Njoo uombe nyongeza ya mshahara."

Zamani Zlatina angecheka. Safari hii alichukua kikombe cha mgeni, ambacho hakikuwa kimeisha, akaenda kukiosha.

Mlangoni Radostina aliwaambia atarudi Januari, maana kila nyumba iliyochaguliwa huulizwa zaidi ya mara moja. Krastyo akamuuliza kama Januari mtu anaweza kufukuzwa kazi na Velko. Radostina akasema inategemea wiki.

*

Jumapili alikuja Nedyalko, kaka yake Zlatina, kama alivyokuja kila Jumapili, saa ya supu. Nedyalko alikuwa msimamizi wa bustani za mji katika halmashauri, na mji ulikuwa na bustani moja. Alikula kwa utulivu hadi bakuli la pili, kisha akaanza habari za televisheni.

"Wanne katika mia," alisema. "Wasio na kazi nchi nzima ni wanne katika mia. Haijawahi kutokea. Nani leo anakosa kazi, shemeji? Asiyetaka."

"Nilikwenda kiwanda cha matofali," Krastyo alisema. "Nilikwenda kwa wale wa mbao. Nilikwenda ofisi ya ajira mpaka posho ikaisha, na baada ya kuisha wakawa wananipa muhuri tu. Nikaacha kwenda. Mihuri hailiki."

"Mimi sisemi kitu. Takwimu ndizo zinasema, na takwimu hazina ndugu."

"Lakini Krastyo si mmoja wa hao wanne," bibi Tsonka alisema kwa fahari, akimwongezea mwanawe supu. "Yeye kaandikwa mwenye kazi. Nilikuwepo."

Ilibidi bibi aeleze yote, mtambo na chupa, na Nedyalko alicheka mpaka supu ikampanda puani. Zlatina alimpa kitambaa. Kisha akasema, akiangalia sahani yake, jambo ambalo inaelekea alikuwa amelibeba kwa siku nyingi.

"Kama ni wanne tu katika mia, kwa nini mmoja wao analala kitandani kwangu? Na kama si mmoja wao, basi anafanya nini pale tangu asubuhi?"

Hata Nedyalko aliacha kucheka, kwa sababu dada yake hakuwa anatania.

Kufikia Jumatatu jioni mji mzima ulikuwa na habari. Krastyo alipoingia kilabuni kwa Stamen, wanaume waliinuka wakampigia makofi. Mwenye gari jipya hunywesha, mwenye mjukuu hunywesha, na mwenye kazi mpya hunywesha, na uamuzi huo hauna rufaa. Krastyo aliapa kwamba hana kazi. Wakamuuliza kama anaiita serikali mwongo. Alipotoka alikuwa amewanywesha wote kwa pesa za dawa ya shinikizo la damu ya bibi Tsonka.

"Ulikwenda duka la dawa," Zlatina alisema alipomwona mikono mitupu.

"Nilipita kwa Stamen."

"Nakuona."

"Walisema ni ya kazi mpya, Zlatina. Ningefanyaje?"

Zlatina alikaa kitini na koti lake. Akamwambia kwamba Snezhana, waliyeshona naye meza moja, yuko Ujerumani, analea bibi kizee mmoja aliyevunjika nyonga, na jirani wa yule bibi naye anatafuta mtu. Kuanzia Machi. Chumba chake, chakula chake. "Nimesema nitampa jibu Januari."

"Na mimi?"

"Wewe una kampuni."

Basi kuanzia siku ile Krastyo alitaka jambo moja tu. Kazi alishaacha kuitaka kwa sauti, kama mtu anavyoacha kutaja jina la aliyeondoka. Alichotaka ni Radostina arudi Januari, aketi palepale jikoni, na aseme mbele ya Zlatina kwa kinywa cha serikali: huyu hana kazi. Kama kazi hakuna na serikali yenyewe imekiri kwamba yeye hana, basi kosa haliwezi kuwa la mtu mmoja alalaye upande wa ukutani.

*

Radostina alipiga simu Jumamosi moja, theluji ikiwa imefika madirishani. Angekuja baada ya wiki moja, siku ya Jumatatu, kuuliza juu ya wiki iliyokuwa inaanza.

"Subiri, usikate," Krastyo alisema. "Nikichanja kuni zangu mwenyewe, ni kazi?"

"Hapana. Ni zako."

"Nikiosha vyombo?"

"Hapana."

"Nikipika, nikifua, nikipiga deki, nikimkanda mama mkwe miguu?"

"Bwana Krastyo, mambo ya ndani ya nyumba yako hayahesabiwi kuwa ajira. Niulize basi, mtambo umeharibika tena?"

"Mtambo ni mzima. Mimi ndiye ninayejitayarisha."

Wiki ile Zlatina naye alikuwa nyumbani. Karakana haikupata oda, na wanawake wote walirudishwa kwa likizo isiyo na malipo. Kwa hiyo aliona kila kitu kwa macho yake. Aliona mumewe akisugua masufuria hadi yakaonyesha sura. Alimwona akipanda kitini kufuta vumbi juu ya kabati, mahali ambapo hata yeye hakupafikia tangu harusi.

"Kumbe haya yote si kazi," alisema, akiwa amesimama katikati ya jiko lisilo na kitu cha kufanya. "Nilikuwa nashuku siku zote. Nilikosa ushahidi tu."

"Amesema mwenyewe, mtu wa takwimu."

"Namwamini. Endelea na hilo kabati."

Jumanne Velko alikuja kwenye uzio. Pampu yake ya maji ilikuwa imeganda. Krastyo alitoka, akasimama upande wake wa uzio, akatia mikono mifukoni.

"Ruka uje," Velko alisema.

"Siruki. Nitakuelekeza kwa mdomo. Geuza kulia. Kulia kwako, Velko, si kulia kwa pampu."

"Una nini wewe? Mgongo?"

"Nina wiki. Taratibu, usiilazimishe. Ipashe moto kwa kitambaa kwanza."

Walikwenda hivyo mpaka maji yakatoka, na Velko, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya, akatoa chupa ndani ya koti na kuipitisha juu ya uzio. Krastyo alirudi nyuma, mikono mgongoni. Velko alibaki na chupa hewani. Alikuwa hajawahi kuona rakia yake ikikataliwa na mtu aliye hai.

"Umeokoka?" aliuliza kwa upole.

"Nipe Jumatatu ijayo."

"Jumatatu kuna nini?"

"Jumatatu nitakuwa nimeshaandikwa."

Velko akaenda zake akitikisa chupa, na jioni kwa Stamen ikasemwa kwamba Krastyo ini limemwisha.

*

Alhamisi Zlatina alikuwa dirishani alipomwona Marinka, mjane wa ng'ambo ya barabara, amekaa uani kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti na blanketi, theluji ikimwangukia kichwani. Milango na madirisha ya nyumba yake yalikuwa wazi, na moshi ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba la moshi.

"Krastyo. Nenda."

Krastyo alikuja na taulo begani, akatazama. "Zlatina, zimebaki siku tatu."

"Nenda, au nitakwenda mimi, na mimi hata sijui bomba linaanzia wapi."

Alikwenda. Alizima jiko, akalishusha bomba kipande kwa kipande, akatoa masizi ndoo nzima na kiota cha kunguru pamoja na mwenyewe, amekauka kama kiatu. Akalirudisha bomba, akawasha, na moshi ukapanda angani ulikotakiwa. Marinka aliingia ndani akaketi mbele ya moto mpaka pua yake iliporudi rangi yake. Kisha akaenda kabatini, akatoka na mtungi wa asali.

"Chukua, mwanangu."

"Sichukui, shangazi."

"Chukua nimesema."

"Siwezi. Wiki hii siwezi."

Marinka aliushusha mtungi kidogo. "Asali yangu ina nini?"

"Haina kitu. Mimi ndiye nina kitu. Nina takwimu."

"Zinaambukiza?"

Krastyo aliona maelezo yatakuwa marefu, akachukua kofia akatoka. Marinka akatoka nyuma yake, mtungi kifuani, amevaa soksi tu ndani ya theluji. Mapazia ya nyumba za jirani yakaanza kusogea.

"Marehemu mume wangu," alipaza sauti katikati ya barabara, "hajawahi kumwacha mtu atoke kwetu mikono mitupu. Hata mtoza kodi alitoka na kabichi. Unataka ageuke kaburini?"

"Ageuke wiki ijayo, shangazi. Jumatatu jioni nakuja kuchukua mitungi miwili."

"Kwa hiyo sasa unanipangia siku ya kukushukuru. Nimekuwa ofisi."

"Rudi ndani, utaugua."

"Nitaugua na utajua ni kwa nini. Nilikubeba ulipokuwa na surua, Krastyo. Leo asali yangu inanuka."

Alikuwa analia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Krastyo alisimama na uso mweusi wa masizi, mikono juu kama aliyekamatwa. Angeupokea mtungi ule. Mkono mmoja ulishaanza kushuka. Ndipo mlango wao ulipofunguka na bibi Tsonka akatoka, jozi mbili za viatu vya sufu vya nyumbani kwapani, zile alizozifuma tangu mwanzo wa wiki akiwa kando ya jiko.

"Lete huo mtungi kwangu, Marinka," alisema. "Na wewe shika hivi, uvae kabla vidole havijadondoka. Mtungi kwa viatu. Hatudaiani, na huyu mkwe wangu hajalipwa hata chawa. Wote waliopo kwenye mapazia wamesikia?"

Marinka alivaa viatu, akavitazama, akafuta pua. Ilimridhisha. Krastyo alimbusu mama mkwe wake kwenye paji la uso, akamwachia alama nyeusi. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi kufanya hivyo bila kulazimishwa na sikukuu.

Alipoingia ndani, Zlatina bado alikuwa dirishani. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Usiguse lile taulo," alisema.

*

Radostina alifika Jumatatu na mafua. Walimkalisha karibu na jiko. Krastyo alikuwa amenyoa, amevaa shati la harusi za watu, ameketi wima kama anayesubiri kupigwa picha.

Alianza na Zlatina. Wiki ile ulikwenda kazini? Hapana, tulirudishwa nyumbani, bila malipo. Lakini kazi yako bado ipo, utairudia? Wamesema tutarudi oda ikija.

"Basi una kazi," Radostina alisema. "Hukuwepo kwa muda tu."

"Hata kama sikushona hata kifungo, wala sikulipwa?"

"Kwa muda mfupi, ndiyo."

Radostina akamgeukia Krastyo, na Krastyo akamtazama mkewe kwanza kuona kama anasikiliza. Alikuwa anasikiliza.

"Wiki iliyopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"Nilimsaidia jirani. Sikupokea kitu. Mashahidi ni barabara nzima."

"Ni kweli," bibi Tsonka alisema. "Alimtoa mjane wa watu machozi."

Radostina alitafakari, akapiga chafya, akagusa kioo. "Basi hukufanya kazi ya malipo."

Krastyo aliegemea kiti chake. Ndani yake kitu kilichokuwa kimekunjwa tangu Oktoba kilianza kukunjuka. Alitaka Radostina aliseme tena, kwa sauti zaidi kidogo.

"Na katika wiki nne zilizopita, ulitafuta kazi? Kwa njia yoyote. Kuuliza watu, kwenda kiwandani, kupiga simu, ofisi ya ajira."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

"Nitafute wapi? Matofali nilikwenda, mbao nilikwenda, kila mtu mji huu nilishamuuliza. Toka nimemaliza kuuliza hawajajenga kiwanda kingine. Na wiki iliyopita nilikuwa na shughuli ya kutofanya kazi, usiku na mchana."

"Kwa hiyo hukutafuta."

"Sikutafuta."

Kidole kilishuka. Krastyo alikijua sasa kidole kile. "Umeandika nini? Sema tu. Mimi si mwenye kazi."

"Si mwenye kazi."

"Basi nimo kwenye wale wanne. Zlatina, sikia."

Radostina alikunja leso yake. "Asiye na kazi, kwa hesabu, ni yule ambaye hana na anatafuta. Wewe hutafuti. Hapana, humo kwenye wale wanne."

"Nimo kwenye tisini na sita?"

"Hapana."

"Sasa niko wapi? Wanne na tisini na sita ni mia. Hiyo hesabu hata kiwandani tulikuwa nayo."

"Ile mia ni ya wenye kazi na wanaoitafuta. Wewe," alisema kwa huruma ya mtu anayempa mwenzake habari za daktari, "humo kwenye mia."

Jiko lilivuma. Krastyo alimtazama Zlatina, halafu akaangalia meza.

"Kwa hiyo mnadanganya," Zlatina alisema. Sauti yake ilikuwa kali, na ukali ule haukumlenga mumewe. "Kaka yangu anakuja hapa kila Jumapili na wanne wake, na huyu hayumo hata kwenye mia."

"Sidanganyi, dada. Naandika mnachonijibu. Rula ni fupi, nakubali, lakini ni ile ile kwa kila mtu, hapa na kwa Wagiriki na kwa Wajerumani. Mwaka huu na mwaka jana. Inapima kile inachopima. Tatizo ni wanaoichukua wakaipimia kitu kingine."

"Kwa mfano?"

"Kwa mfano, uvivu wa watu."

Bibi Tsonka, aliyeona mazungumzo yamekaa vibaya, aliingilia ili kuyachangamsha. "Bado mimi hujaniuliza. Mwandikie basi kwamba kosa si lake, asali nilichukua mimi. Na sikuichukua bure. Nilitoa jozi mbili za viatu, nilizifuma mwenyewe."

Radostina aligeuka taratibu. "Ulizifuma lini, bibi?"

"Wiki hiyo hiyo. Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Ili upate kuuza au kubadilishana?"

"Huwa nawapa wanawake kanisani, wao wananipa mayai. Mtu nitavaa jozi ngapi?"

"Zaidi ya saa moja?"

"Binti yangu, mchana kutwa. Ningefanya nini kingine, nikae nimtazame huyu akifuta kabati?"

Chumba kizima kilimwona Radostina akipambana na nafsi yake. Lakini alikuwa mtu wa kazi. Kidole kilishuka. "Bibi Tsonka ni mwenye kazi," alisema. "Amejiajiri."

"Mimi?"

"Wewe."

Bibi Tsonka aliweka mikono juu ya aproni. Aliwatazama binti yake na mkwe wake kwa jicho jipya, la mtu anayewatazama wale anaowalisha.

Kicheko kilianzia kwa Zlatina, chini kabisa, akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikamshinda. Alicheka akishika meza. Radostina naye akacheka na mafua yake, hata akakosa leso. Krastyo peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mikono yake mbele yake mezani na alikuwa anaitazama; masizi ya Alhamisi bado yalikuwa kwenye mistari ya viganja.

"Bwana Krastyo," Radostina alisema alipopata pumzi, "tulikatizwa. Limebaki swali moja lako."

"Liandike unavyopenda."

"Lazima nilisome. Hata kama hukutafuta, je, ungependa kuwa na kazi?"

Krastyo alikuwa na jibu la mzaha kwa kila kitu. Alilitafuta, na kila mtu pale jikoni alimwona akilitafuta. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa ameulizwa kwa nini hana kazi, na hana tangu lini, na anafanya nini siku nzima. Hili hakuwa ameulizwa na mtu.

"Angependa," Zlatina alisema. Alikuwa ameacha kucheka.

"Samahani. Kwa kuwa yupo, ajibu mwenyewe."

"Ndiyo," Krastyo alisema. "Ndiyo, ningependa."

"Ungeweza kuanza ndani ya wiki mbili?"

"Ningeanza leo." Na akainuka nusu, macho yakitafuta viatu chini ya meza, kabla hajakumbuka kwamba ni swali tu. Akakaa.

Radostina aliandika. Zlatina alikuwa anamtazama mumewe kama alivyomtazama Alhamisi kutoka dirishani. Bila kumwondolea macho alimuuliza mgeni, "Hilo mnaliweka wapi?"

"Lina mahali pake."

"Sijawahi kusikia likisomwa kwenye televisheni."

"Hata mimi. Lakini lipo, anayetaka atalikuta."

"Mtaa huu umeliandika nyumba ngapi?"

"Majibu ni siri."

"Sikuulizi majina."

Radostina alizima kishikwambi, akakitia mkobani. Alitazama nje, kwenye mapaa meupe na moshi wake. "Leo," alisema, "sijatoka bado kwenye nyumba ambayo sikuliandika."

Walimsindikiza mpaka getini. Waliporudi Krastyo alikwenda kwenye beseni la vyombo kwa mazoea ya wiki nzima, lakini Zlatina alikuwa amesimama mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia umeacha kutafuta?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeishiwa milango?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungesikia mvivu."

Zlatina hakukataa. Alitoa makoti mawili msumarini, akamrushia moja. "Vaa. Tuanze na wale wa mbao, halafu matofali. Mimi nitagonga, wewe utasimama kando yangu. Nataka nione wanavyokujibu. Nataka wakujibu na mimi nikiwepo."

"Watasema hakuna."

"Watatuambia sote wawili."

"Na Ujerumani?"

"Snezhana atapiga simu jioni. Nitamuuliza kama kuna bibi kizee mwenye pampu mbovu. Kama hakuna, tutaongea. Vaa kofia."

Bibi Tsonka alikuwa amesogeza kiti chake jirani na moto. Alichagua sufu ya bluu, akaanza mshono wa kwanza, na hakuinua macho.

"Fungeni mlango mkitoka," alisema. "Baridi inaingia, na mimi niko kazini."